Kemo na Kibarua: Je, Uache Kazi Ukianza Matibabu ya Saratani?

  Wale wa Chaani, Magongo, Mikindani, Port Reitz na Miritini, na nyinyi wa Likoni na Kisauni mnaotufuata kila juma, vuteni kiti. Mada ya leo ni ndefu kidogo na ina historia ndani yake.

Swali lenyewe huulizwa polepole, tena mara nyingi daktari akishatoka chumbani. Mama amekwisha ambiwa ana saratani, ya titi au ya mlango wa kizazi. Ameandikiwa kemo, pengine mara sita, kila baada ya wiki tatu. Anaikunja karatasi yake, anaitia mkobani, halafu anageuka: "Sista, na kazi je?"

Si swali dogo. Nyuma yake kuna kodi ya nyumba, karo, deni la chama, na mkubwa wa kazi ambaye hajaambiwa lolote. Nyumbani kila mtu ana jibu lake. Mama mkwe anasema lala, mwili upumzike. Dada anasema ukilala utajifikiria mpaka umalizike. Mume, kama yupo, ananyamaza kwa sababu amekwisha piga hesabu. Majibu hayo yote yana asili yake, na asili hiyo ni ya zamani kuliko sisi. Mama, nataka tuifuate kidogo kabla hujaamua.

Tuanze na dawa zenyewe. Dawa za kemo hazikutoka kwenye duka la dawa, zilitoka vitani. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1917, majeshi yalianza kurushiana gesi ya haradali kule Ypres, nchini Ubelgiji. Gesi hiyo iliunguza ngozi, macho na mapafu. Madaktari waliowapima waliofariki waliona jambo jingine la ajabu: chembe nyeupe za damu, zile zinazotulinda na maradhi, zilikuwa zimekwisha, na uboho wa mifupa umekauka. Jambo hilo likaandikwa na kuwekwa.

Vita vya pili vilipokuja, madaktari wawili wa Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, Louis Goodman na Alfred Gilman, walijiuliza: kama sumu hii inaua chembe nyeupe, je, haiwezi kuua saratani ya chembe hizo? Mwaka 1942 mgonjwa mwenye uvimbe mkubwa wa tezi alichomwa sindano ya dawa iliyo ndugu wa gesi hiyo. Uvimbe ukanywea kwa siku chache. Baadaye ukarudi, na mgonjwa hakupona, lakini mlango ulikuwa umefunguka. Habari hizo zilifichwa kwa ajili ya vita mpaka 1946. Katikati yake, Desemba 1943, ndege za Wajerumani zilipiga bandari ya Bari huko Italia, na meli iitwayo John Harvey, iliyobeba mabomu ya gesi hiyo kwa siri, ikalipuka. Madaktari waliowahudumia majeruhi wakaona tena yale yale ya chembe nyeupe. Sisi watu wa bandari tunaweza kulifikiria vizuri hilo: meli moja, mzigo usiotajwa kwenye karatasi, na mji mzima ukavuta hewa hiyo.

Nimeyaeleza haya kwa sababu. Chembe nyeupe zinazoshuka si bahati mbaya ya kemo. Ndiyo njia yenyewe ilivyogunduliwa. Dawa hizi huua chembe zinazozaana haraka, na haziwezi kuchagua. Saratani huzaana haraka, lakini pia nywele, utando wa mdomo na tumbo, na uboho unaotengeneza damu. Ndiyo maana nywele hutoka, mdomo huota vidonda, na kinga hushuka. Shika hilo la kinga, tutalirudia tukifika kwenye matatu na karai la viazi.

Mwaka 1948 daktari wa Boston, Sidney Farber, alitangaza kwamba amewapa dawa watoto wenye saratani ya damu na baadhi wamepata nafuu kwa muda. Kabla ya hapo watoto wale walikuwa wakiuguzwa tu wakingoja.

Kisha likaja ua. Unalijua, hata kama hulijui jina. Ni kile kichaka kifupi chenye maua ya rangi ya waridi au meupe, petali tano, kinachoota bila kupandwa kando ya kuta na makaburini hapa Pwani. Asili yake ni Madagascar, jirani zetu wa baharini. Kule Jamaica watu walikuwa wakinywa chai ya majani yake kwa ajili ya kisukari. Majani yakapelekwa Canada, na watafiti Robert Noble na Charles Beer wakayajaribu kwa panya. Sukari haikushuka. Panya walikufa kwa maambukizi, maana chembe zao nyeupe zilikuwa zimeanguka. Mwaka 1958 wakatangaza dawa waliyoitoa humo, vinblastini, na miaka michache baadaye ikatoka ndugu yake, vinkristini. Zote mbili zinatumika hadi leo. Tafadhali usiende kuchuma majani hayo ukachemsha! Ni sumu, na kipimo cha hospitali hupigwa kwa miligramu. Nalisema hilo kwa nguvu kwa sababu nawajua watu wangu, na najua muarobaini unachemshwa nyumba ngapi. Dawa yoyote ya mitishamba unayotumia, mtajie daktari wa kemo. Hatakugombeza, na akikugombeza, mtajie vile vile.

Sasa njooni Afrika Mashariki, maana historia hii si ya wazungu peke yao. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliitwa kumtazama mtoto mwenye uvimbe wa taya. Akamwona mwingine, na mwingine. Mwaka 1958 aliandika juu ya watoto 38. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili waliingia kwenye gari na kwenda safari ya wiki kumi, kilomita kama 16,000, kutoka Uganda mpaka Afrika Kusini, wakiingia hospitali baada ya hospitali na kuuliza: mmewaona watoto wa namna hii? Waligundua kwamba ugonjwa huo unafuata maeneo ya joto na mvua, yaleyale yenye malaria. Leo twajua kwamba malaria ya mara kwa mara, pamoja na kirusi kilichogunduliwa mwaka 1964 na kuitwa Epstein-Barr, vinahusika. Chandarua kinalinda zaidi ya tunavyofikiri.

Burkitt kule Kampala, na Peter Clifford huko Nairobi katika hospitali ambayo leo ni Kenyatta, waliwapa watoto hao dawa za kemo miaka ya mwanzo ya 1960. Hapakuwa na mashine ya mionzi iliyo karibu. Baadhi ya watoto walipona kabisa, wengine kwa dozi chache tu. Ulimwengu ukashangaa. Mwaka 1967 kikafunguliwa Kampala kituo cha kutibu uvimbe huo, ambacho ndicho mwanzo wa Taasisi ya Saratani ya Uganda, na humo madaktari wakajifunza kuchanganya dawa zaidi ya moja. Njia hiyo ya kuchanganya dawa ndiyo anayotibiwa nayo mama wa Changamwe leo. Kwa hiyo mtu akikuambia kemo ni mambo ya ng'ambo, mjibu kwamba baadhi ya watu wa kwanza duniani kuponywa na kemo walikuwa watoto wa Afrika Mashariki.

Na kila mtoto wodini alikuwa na mtu wa kumwuguza, mara nyingi mama, aliyeacha shamba, kuku na watoto wengine. Vitabu vya udaktari vinawataja watoto. Akina mama hao huwaoni humo. Lakini swali letu la leo lilianzia kwao: ninayeuguza, na kazi yangu je?

Miaka ile mgonjwa wa kemo alikuwa mtu wa kitanda. Dawa zilitapisha kupita kiasi. Sisiplatini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1978, ilijulikana kwa kutapisha mtu siku nzima na usiku wake. Bibi aliyemwona dada yake akitibiwa miaka ya 1980 haongezi chumvi akisimulia. Ushauri wake wa "lala tu" ulitoka kwenye macho yake. Nasi watu wa Pwani tulikuwa na la ziada: matibabu makubwa ya saratani yalikuwa Kenyatta, Nairobi, karibu kilomita 500. Ulipanda basi usiku, ukatibiwa, ukarudi ukitapika kwenye mfuko. Nani angefanya kazi?

Mambo mawili yalibadilisha hali. La kwanza, mwaka 1976 daktari Gianni Bonadonna wa Milan, Italia, alionyesha kwamba wanawake waliopasuliwa saratani ya titi wakipewa mchanganyiko wa dawa tatu baada ya upasuaji, ugonjwa huchelewa kurudi au haurudi. Matibabu yake yalikuwa mizunguko 12, mwaka mzima. Mtu hawezi kulazwa mwaka mzima. Kwa hiyo kemo ikaanza kuwa jambo la kuja asubuhi na kurudi nyumbani jioni. La pili, mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaja ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika. Miaka hiyo hiyo ikaja pia sindano ya kuamsha uboho utengeneze chembe nyeupe. Hapo ndipo watu walianza kuonekana wakienda kazini katikati ya matibabu. Na miaka ya karibuni serikali imefungua vituo vya saratani vya kanda, kimoja kikiwa hapa hapa Mombasa, katika Hospitali Kuu ya Pwani, ile tunayoiita Makadara. Kutoka Changamwe ni safari ya matatu mbili.

Kwa hiyo bibi hakukosea kwa wakati wake. Lakini wakati wake si huu.

Sasa upande wa pili wa swali, yaani kazi. Na hapa naomba tusiruke, maana watu wengi hufikiri ugonjwa pekee ndio unaoamua.

Neno "kibarua" lenyewe ni historia ya Mombasa. Ni barua ndogo, kile kikaratasi cha kuhesabia siku za mtu wa kazi ya kutwa. Siku umefanya, kikaratasi kimetiwa alama. Siku umeumwa, hakuna alama, hakuna pesa. Bandari yetu ilijengwa na mikono ya namna hiyo. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma Mombasa kwa karibu wiki mbili, bandari, reli, hoteli, hata watumishi wa nyumbani. Chege Kibachia, aliyeongoza chama chao, alikamatwa mwaka huo huo na kuwekwa kizuizini mbali na Pwani. Mwaka 1955 makuli wa bandari waligoma tena. Baada ya hapo kazi ya bandarini ikaanza kubadilika polepole kutoka ya kutwa kuwa ya mwezi.

Bandari ilibadilika, lakini kibarua hakikufa. Kilihamia kwingine. Leo kiko kwenye maghala, kwenye yadi za kontena, kwenye viwanda vya nguo, kwenye nyumba tunazofulia nguo. Mama wa Changamwe anayeshona mashati kwa mkataba wa miezi mitatu anapoogopa kumwambia msimamizi kwamba ana saratani, si mwoga. Anajua historia yake bila kuisoma.

Sheria inasema nini? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mfanyakazi aliyetumikia miezi miwili mfululizo ana haki ya likizo ya ugonjwa: isiyopungua siku saba kwa mshahara kamili, na baada ya hapo siku saba kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Lazima ulete cheti cha daktari, na lazima umjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo. Kisha kuna likizo ya mwaka, siku 21 za kazi. Chukua kalamu uhesabu: mizunguko sita ya kemo, kila mmoja ukikuangusha siku tatu, ni siku 18. Siku 14 za ugonjwa na 21 za mwaka zinatosha, zikipangwa. Zikitumiwa ovyo mwezi wa kwanza, hazitoshi. Waajiri wengine hutoa zaidi ya hapo, kwa hiyo soma mkataba wako au mwulize mwakilishi wa chama cha wafanyakazi.

Sheria hiyo hiyo inasema mwajiri hawezi kukufuta kwa sababu mwili hauwezi kazi kabla ya kukuita, kukueleza sababu kwa lugha unayoielewa, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama, na kukusikiliza. Na kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja anaweza kuhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, hata kama kikaratasi kinasema vingine. Mwaka 2012 ikaja Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani, ambayo inapinga ubaguzi dhidi ya mtu mwenye saratani au anayedhaniwa kuwa nayo. Sijasema kwamba waajiri wote wanafuata. Nasema kwamba Ofisi ya Leba mjini ina kazi ya kupokea malalamiko yako, na cheti cha daktari chenye tarehe kina nguvu kuliko maneno matupu. Weka nakala ya kila karatasi.

Kuna jambo la kufikirisha juu ya miaka ile. Kati ya 2010 na 2012, mawaziri wetu wote wawili wa afya walijikuta wagonjwa wa saratani: Profesa Anyang' Nyong'o, aliyekuwa Waziri wa Huduma za Matibabu, saratani ya tezi dume, na Mheshimiwa Beth Mugo, Waziri wa Afya ya Umma, saratani ya titi. Wote walitangaza hadharani, wote walikwenda Marekani kutibiwa, na wote waliendelea kuwa mawaziri mpaka serikali ile ilipomaliza muda wake mwaka 2013. Wakati huo wananchi waliuliza, na walikuwa na haki kuuliza, mbona wakubwa wanatibiwa ng'ambo. Mimi naongeza swali langu: mbona hakuna aliyewauliza kama kazi wataacha? Waziri ana wasaidizi, ana gari, ana mtu wa kushika nafasi akilala. Bob Collymore, mkuu wa kampuni ya Safaricom, alipopatwa na saratani ya damu mwaka 2017 alikwenda Uingereza, akakaa nje ya ofisi karibu miezi tisa, akarudi kazini Julai 2018. Alifariki Julai 1, 2019. Aliacha kazi ilipobidi, akairudia alipoweza, na kiti chake kilimngoja.

Wewe kiti chako ni stuli nyuma ya karai la bhajia, na ukiondoka wiki mbili mwingine ameshika kona. Kwa hiyo usijipime na waziri, wala usijione mnyonge kwa sababu fulani aliendelea kufanya kazi akiwa kwenye kemo. Uliza kwanza ni kazi gani, na nani alimshikia mtoto.

Basi tuje kwenye kupanga. Mizunguko mingi ya kemo ni ya siku 21, ingawa mingine ni ya kila wiki, hasa pale kemo inapotolewa pamoja na mionzi kwa saratani ya mlango wa kizazi. Mwulize daktari wako ni upi. Tukichukua ule wa siku 21, huwa na umbo lake. Siku ya dawa na tatu nne zinazofuata ni za kichefuchefu na uchovu. Karibu siku ya 7 mpaka ya 14 chembe nyeupe ziko chini kabisa. Na hapa ndipo akina mama wengi hupotea, maana siku ya nane unaweza kujisikia vizuri, umekula, umeoga, unasema leo narudi sokoni, kumbe ndani kinga imelala. Wiki ya tatu ndiyo nzuri, mpaka dozi inayofuata.

Ukiwa na kalenda ya ukutani, hata ile ya duka la dawa, weka alama za wiki hizo tatu kwa rangi tofauti. Kisha weka kazi yako juu yake. Anayeshona kiwandani aombe zamu ya kazi nyepesi au siku zake za likizo ziangukie siku za mwanzo. Mwalimu darasani mwenye watoto 60 wanaokohoa akae mbali wiki ya pili kuliko ya kwanza. Anayeuza mahamri nyumbani anaweza kuukanda unga wiki ya tatu, na wiki ya pili amwachie binti, yeye apokee pesa, akae pahali penye hewa. Ikibidi usafiri wiki hiyo, usipande matatu ya saa kumi na mbili asubuhi ambamo mtu anakukoholea shingoni. Ngoja ya saa nne.

Kazi nyingine nasema wazi, mama, ziache kwa muda. Kufagia maghala yenye vumbi. Kusafisha mitaro, mabanda ya kuku na vyoo. Kupaa samaki na kukata nyama mbichi wiki ya pili, maana mwiba mmoja kidoleni ni mlango wa maambukizi. Na kuna dawa, kama vinkristini ya lile ua, na paklitakseli inayotumika sana kwa titi, ambazo hutia ganzi vidoleni na nyayoni. Mtu mwenye ganzi hasikii moto wa karai mpaka ngozi imechubuka, na hasikii sindano ya cherehani. Ganzi ikianza mwambie daktari mara moja. Dozi huweza kupunguzwa. Ukinyamaza kwa kuogopa kupunguziwa dawa, ganzi inaweza kubaki, na mikono ndiyo kazi yako.

Uchovu nao si uvivu, na hauishi kwa kulala pekee. Kutembea kidogo kila siku, hata mpaka kibandani na kurudi, husaidia zaidi ya kitanda. Hapo nakubaliana nusu na yule dada wa "usilale". Kwa wengine kwenda kazini ni dawa ya moyo. Kwa wengine ni mateso wanayojitia ili wasionekane wagonjwa. Wewe ndiye unayejua uko upande gani, na unaweza kubadilisha mawazo mzunguko wa tatu bila kumwomba mtu radhi.

Mlezi, nawe sikia. Matapishi, mkojo na choo cha mgonjwa huweza kubeba dawa kwa saa 48 hivi baada ya dozi. Vaa glavu, au mifuko ya plastiki mikononi kama glavu hazipo, fua shuka hizo peke yake, nawa mikono. Mkojo mwekundu siku ya kwanza baada ya ile dawa nyekundu si damu, ni rangi ya dawa. Mama anayenyonyesha aongee na daktari kabla ya dozi ya kwanza, kwani mara nyingi huambiwa aachishe. Na mimba izuiliwe wakati wote wa matibabu.

Kuhusu kazi yako wewe unayeuguza, sheria ya 2007 haikuweka likizo maalumu ya kuuguza mtoto au mama yako. Utatumia siku zako 21, au utapatana na mwajiri. Familia nyingi hapa humchagua binti mmoja aache kazi "kwa sababu hajaolewa", au kwa sababu mshahara wake ni mdogo. Mimi sipendi uamuzi huo unavyofanywa bila yeye kuulizwa. Siku ya dozi huenda na mmoja, siku ya nane hukaa na mwingine, na ndugu walio Nairobi au Ghuba wanaosema wako mbali watume nauli. Kalenda ile ile ya ukutani inaweza kuandikwa majina.

Halafu bima. Tangu Oktoba 2024 ile NHIF tuliyoizoea imeondoka na imekuja SHA. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiyeajiriwa hukadiriwa mapato ya nyumba yake na kulipa kwa mwaka, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Kabla hujaacha kazi, au hujakubali kuachishwa, uliza kaunta ya SHA pale hospitalini: makato yangu ya mwisho yanafika lini, na nijiandikishe vipi nisipokuwa na mwajiri? Kuna kiwango cha pesa za saratani kwa kila nyumba kwa mwaka. Kiwango hicho kimekuwa kikibadilika, kwa hiyo uliza cha mwaka huu. Mama akiacha kazi kimya kimya na malipo yakakatika katikati ya mzunguko wa nne, dozi ya tano hungoja. Saratani haingoji.

La mwisho ni homa, na nimeliweka hapa ili likae kichwani. Ukiwa kwenye kemo na joto la mwili likafika nyuzi 38, au ukatetemeka kwa baridi, hiyo si "malaria tu". Usinunue dawa dukani. Usimeze ya kushusha homa kwanza ukangoja asubuhi. Usimalize zamu. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane ya usiku, na neno la kwanza mlangoni liwe: "Niko kwenye kemo, dozi yangu ilikuwa tarehe fulani." Mwenye kinga iliyoshuka anaweza kuzidiwa kwa saa chache, na dawa ya mshipani ikianza mapema humwokoa. Kipimajoto cha kwapa hupatikana duka la dawa lolote pale mzunguko wa Changamwe. Kinunue kabla ya dozi ya kwanza, na mfundishe mtoto mkubwa wa nyumba kukisoma. Maneno yale ya mlangoni yaandike kwenye kikaratasi, pamoja na jina la dawa zako na namba ya wodi, ukitie kwenye mkoba wa kazini. Msimamizi wako, au jirani wa kibanda, aonyeshwe kilipo.